Ya Kuuza ama ya Kukaa Nayo?

Ukipeleka pikipiki kuukuu kwa fundi, kabla hajashika spana atakuuliza: "Hii ni ya kuuza ama ni ya kukaa nayo?" Haulizi kwa ubaya. Anataka kujua afanye kazi gani. Ukisema ni ya kukaa nayo, atafungua injini, atakagua pistoni na ringi, atatingisha magurudumu akisikiliza beringi, kisha atakuandikia orodha ya spea itakayokufanya utafute pa kukaa. Ukisema ni ya kuuza, ataiosha kwa petroli, atapiga rangi, atavisha kiti ngozi mpya na kubandika stika mbili za moto ubavuni. Baada ya siku mbili inatoka iking'aa kuliko ile ya kukaa nayo.

Sote tunalielewa swali hilo na hakuna anayelishangaa. Mimi pia sikulishangaa nilipoulizwa. Lakini limekataa kunitoka kichwani, kwa sababu ukilitazama vizuri linasema jambo zito: kwamba kuna watu wawili wanaoweza kuikalia mashine hiyo hiyo, na mmoja wao anastahili beringi mpya, mwingine anastahili rangi. Tofauti kati yao si uzito wala umri wala barabara watakayopita. Tofauti ni kwamba mmoja namjua.

Nataka kuuliza kama tofauti hiyo inatosha.

Kwanza niieleze pikipiki yenyewe. Ni Yamaha DT 125, ile ndefu yenye matairi ya meno na madigadi ya mbele iliyoinuka juu ya gurudumu. Aliyekulia mashambani zamani kidogo anaijua, pamoja na wenzake, Yamaha AG 100 na Honda XL. Afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, padri, mtu wa shirika la misaada, wengi wao walifika kwetu kwa mojawapo ya hizo. Injini ya DT huchoma oili pamoja na petroli, kwa hivyo unaijua kwa moshi wa buluu na mlio wa nyuki mwenye hasira kabla hujaiona.

Baba yangu alikuwa afisa wa kilimo na alipewa moja, ya serikali. Jumamosi jioni alitupandisha sisi watoto mmoja mmoja hadi mtoni na kurudi. Ndiyo maana nilipotafuta kitu cha kututoa mimi na wanangu kwenye simu na kwenye ploti ya ghorofa tano isiyo na hata mti, nilifikiria DT. Mpango ulikuwa mdogo tu: mara moja au mbili kwa mwezi tunaenda shamba la mjomba wangu upande wa Isinya. Mimi naendesha, binti yangu wa miaka 9 anakaa nyuma. Kijana wangu wa miaka 14, ambaye tayari amenipita kimo, anajifunza polepole, gia ya kwanza, ndani ya shamba, mbali na barabara.

Shangazi yangu, aliyefanya kazi wodi ya majeruhi miaka mingi, hakufurahi. "Mwanangu, hizo vitu ndizo zinajaza wodi," aliniambia. Sikumjibu kwamba pikipiki ni salama, kwa sababu si salama. Nilimwambia kuna hatari unayoiona na kuna hatari uliyofichwa. Mteremko ninauona. Matope nayaona. Naweza kuwavalisha watoto helmeti, buti na glavu, naweza kukataa kupita gia ya pili, naweza kusema leo kumenyesha, hatutoki. Kijana wangu naye anaweza kusema, mama, mimi hapo siteremki. Hatari ya aina hiyo humfundisha mtoto kupima. Asipopima chochote akiwa mdogo atakuja kupimia ukubwani, kwa gari la mtu. Shangazi alinyamaza, si kwa kukubali, lakini alinyamaza.

Hiyo tofauti, kati ya hatari unayoiona na ile uliyofichwa, niliitoa kama jibu la kumtuliza shangazi. Sikujua kwamba wiki mbili baadaye ningeihitaji kwa kazi kubwa zaidi.

Pikipiki nilinunua kwa broka mmoja, shilingi 135,000. Nilienda na fundi wangu kutoka Kariobangi Light Industries, mzee makini ambaye hata kikombe cha chai hukigeuza kuangalia chini. Tulipofika tulikuta injini ina moto tayari. Hiyo ni mbinu ya zamani: injini iliyopashwa huwaka kwa teke moja, na hutajua kamwe kama asubuhi inasumbua. Fundi akasema tukanywe chai kwanza. Tulikaa hotelini saa nzima mpaka ikapoa, tukarudi, akaipiga kiki, ikawaka kwa teke la pili. Alilinganisha nambari ya injini na ya chesisi na zile za kwenye logbuku. Aliinua nyuma akatingisha gurudumu kushoto na kulia. Akasema twende.

Wiki mbili baadaye, akiifungua kwa kuisafisha, alipitisha brashi ya waya kwenye mkono wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma, ule unaopanda na kushuka ukipita mashimo. Rangi ikatoka. Chini ya rangi palikuwa na puti, ile ile ya kuzibia mashimo ya mbao na bodi za magari. Chini ya puti palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, umechomelewa haraka haraka, umevimba kama kovu, na pembeni ya kovu ufa mpya ulikuwa umeanza. Juu tu ya hapo ndipo binti yangu angekaa.

Fundi alizima redio. Akaniambia mkono huo ukikatika ukiwa kwenye mwendo, gurudumu linalala upande, cheni inakwama, na pikipiki inakutupa inakotaka yenyewe. Kisha akaniuliza swali lake. "Sasa Mama, hii ni ya kuuza ama bado ni ya kukaa nayo?"

Halikuwa swali jepesi. Spea za DT si kama za Boxer, ambazo utazipata hata karibu na duka la unga. Mkono mpya ungeagizwa kutoka nje, kwa miezi na kwa bei ambayo sikuwa nayo. Kuchomelea tena chuma kilichokwisha kupasuka mara mbili fundi alikataa. Broka alipopigiwa simu alisema pikipiki ilipita tu mikononi mwake, hajui kitu, na baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani. Muhula wa pili ulikuwa unakaribia.

Kaka yangu, ambaye ni mtu mwema na hunikopesha bila kuniuliza nitalipa lini, alikuwa na jibu. "Dadangu, piga rangi, uza. Usiweke puti, usidanganye mtu. Rangi tu, kama kila mtu. Akikuuliza kuhusu huo mkono, mwambie ukweli. Asipouliza, ni shauri yake. Utapata jamaa wa boda kule ndani, anaichukua kwa laki na ishirini, na karo inalipwa."

Sitaki kulipuuza wazo hilo, kwa sababu si wazo la mwizi. Ni wazo la soko zima, na lina watetezi wakubwa. Lina hata methali: mwenye macho haambiwi tazama. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoirithi kwa Waingereza, katika kifungu cha 16 inaanzia karibu na hapo hapo: kwa kawaida hakuna ahadi ya ubora ambayo haikutamkwa, kisha ndipo inataja hali ambazo ahadi hiyo huhesabika kuwapo. Ni kweli Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji. Lakini ni nani atakwenda mahakamani kwa ajili ya pikipiki ya mkono wa nne, iliyonunuliwa kando ya barabara kwa M-Pesa?

Mjadala wenyewe ni mkongwe. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mroma Cicero alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu ya tatu anaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babylon na mwanafunzi wake Antipater. Mtu anauza nyumba. Yeye peke yake anajua kwamba vyumba vya kulala vinaingia nyoka na mbao zake zimeoza. Je, lazima aseme? Antipater alisema ndiyo, kunyamaza ni kama kumwacha mtu apotee njia huku unaijua. Diogenes alisema hapana. Hakuna aliyelazimishwa kununua, na kuficha si sawa na kunyamaza. Ukiniuzia nyumba unaniuzia nyumba, si kila unachokijua. Nilipowaza maneno ya kaka yangu, usiweke puti, rangi tu, nilimsikia Diogenes akiongea Kiswahili cha Nairobi.

Na fundi wangu aliongeza hoja iliyo ngumu kuliko zote mbili. Nilimuuliza, je, nikiiuza na kusema ukweli? Akacheka kidogo. "Ukimwambia mkono umepasuka, atajiuliza kama huyu amekubali hiyo, ni nini hajasema? Atadhani injini pia imekufa. Atakupa 70,000, tena kwa kukuhurumia."

Kumbe mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika jambo hilo hilo katika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Wamarekani huliita gari bovu "limau". Muuzaji anajua kama gari lake ni limau, mnunuzi hajui. Kwa hofu, mnunuzi hukubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo hailingani na gari lake, analitoa sokoni. Sokoni yanabaki malimau mengi zaidi, hofu inapanda, bei inashuka tena. Akerlof, pamoja na wenzake Michael Spence na Joseph Stiglitz, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Fundi wangu anaendelea kupumua moshi wa kuchomelea, lakini hoja ni ile ile: kwenye soko ambalo kila mtu anadhaniwa kudanganya, asiyedanganya ndiye anayepigwa faini.

Basi hoja ya kunyamaza inasimama hivi. Mnunuzi ana macho. Sheria haimbembelezi. Bei yenyewe tayari imepunguzwa kwa sababu ya wasiwasi, maana kila anayenunua mtumba anajua huenda anauziwa mbuzi kwenye gunia, na amelipa bei ya mbuzi wa kwenye gunia. Sasa nikinyamaza nimemwibia nini?

Nililala na swali hilo siku kadhaa, na jibu nililolipata linarudi kwa shangazi yangu.

Tuanze na puti. Ule ufa wa kwanza si dhambi ya mtu. Chuma huchoka. Kuchomelea nako si dhambi, hata kama kumefanywa vibaya, kwa sababu ni jaribio la kutengeneza. Lakini puti haitengenezi chochote. Haishiki chuma, haiongezi nguvu hata kidogo. Kazi yake ni moja tu, kuongea. Inamwambia anayekuja: hapa hakuna kitu. Kwa hiyo aliyeipaka hakunyamaza, alisema uongo kwa kidole badala ya mdomo. Hata Diogenes hamtetei huyo. Na mwenye macho haambiwi tazama, sawa, lakini puti ilipakwa mahsusi ili macho yasione. Huwezi kumziba mtu macho kisha umlaumu kwa kutotazama.

Rangi ya kaka yangu ni kesi ngumu zaidi, kwa hiyo niipe haki yake. Rangi hulinda chuma, na kila pikipiki ina rangi. Lakini mimi sasa ninajua. Nikipaka rangi juu ya ufa ninaoujua, nikijua kwamba mnunuzi atakagua kwa macho, rangi yangu inafanya kazi ya puti. Na hata nikiiacha bila rangi, nikanyamaza tu na kuombea asiiname, kuna kitu ninachomnyang'anya, na kitu hicho si pesa.

Ninamnyang'anya uamuzi. Mtu anayejua kwamba mkono umepasuka anaweza kufanya mambo mengi. Anaweza kuacha kununua. Anaweza kununua na kutafuta mkono mwingine kabla ya kuipanda. Anaweza, kama hali imembana kabisa, kuipanda hivyo hivyo lakini taratibu, peke yake, bila kumbeba mtoto. Hayo yote ni maamuzi kuhusu mwili wake, na ni yake. Asiyejua hana hata moja kati ya hayo. Punguzo la bei halimrudishii, kwa sababu punguzo hulipia wasiwasi wa jumla, na wasiwasi wa jumla haukuambii ushike breki wapi. Akerlof anaeleza vizuri kinachotokea kwa bei. Mfupa wa paja hauna bei ya wastani.

Hapa ndipo ninapochora mstari, na nauchora nikijua si mnyoofu. Kuna kasoro inayokula pesa na kuna kasoro inayokula mtu. Pikipiki inakunywa oili kidogo, gia ya tatu ni ngumu asubuhi, kipimo cha mafuta kimekufa: hizo ni za majadiliano, na bei ni maelewano. Akiuliza nitajibu, asipouliza sitamhubiria. Lakini breki, uma wa mbele, mkono wa nyuma, rimu iliyopasuka, hizo hazisubiri swali. Hizo husemwa kabla ya bei, na husemwa hata kama aliyekuja kununua ana haraka, hajui chochote na anaangalia stika tu. Hasa huyo.

Wenzetu wa Pwani, na Waislamu popote walipo, wanalijua hili kwa kisa kifupi zaidi. Mtume alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na maji. Mwenye nafaka akasema ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu, watu waione. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba mtu yule hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa. Mvua si kosa lake. Alichotakiwa ni kuiweka juu.

Kuna jambo jingine ambalo wanafalsafa hao wa kale hawakulitazama sana: vitu vilivyotumika huteremka. Hii DT labda ilianza maisha na shirika fulani au ofisi fulani ya serikali, ikiwa na dereva mwenye buti na bima. Ikapigwa mnada. Ikaja mjini kwa mtu kama mimi, wa kuitumia Jumamosi kwa furaha ya watoto. Mimi nikiichoka haipandi kwenda juu, inashuka. Kaka yangu mwenyewe alimtaja mnunuzi bila kufikiri: jamaa wa boda, kule ndani. Kwangu ni mchezo, kwake ni unga. Mimi naweza kuiegesha wiki tatu nikitafakari mema na mabaya, yeye akiiegesha siku moja watoto hawali. Sheria ya Trafiki inamruhusu abiria mmoja tu, lakini tunajua mvua ikikaribia na wanafunzi wametoka shule, watapangwa kama mishikaki. Ule ufa ambao mimi ningeubebesha mtoto mmoja wa miaka 9, polepole, kwenye nyasi, yeye angeubebesha watatu kwenye kokoto.

Kwa hiyo tunaposema mnunuzi ajikague mwenyewe, tunamwachia kazi ya kukagua mtu mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kukagua. Kasoro ikifichwa kila hatua, anayeilipia ni wa mwisho kwenye foleni, na foleni hiyo imepangwa kwa kipato.

Basi nilifanya nini? Sikuiuza. Kaka yangu alinikopesha karo, akilalamika. Pikipiki ilikaa kwa fundi wiki tatu ikiwa imelala juu ya mawe, huku mimi nikizunguka Kirinyaga Road kila Jumamosi. Duka la nane au la tisa, jamaa mmoja mwenye ovaroli nyeusi kwa grisi alipanda ngazi akateremka na mkono wa DT. Kabla sijashika pochi akaugeuza. "Mathee, ona hapa. Hii ilitoka kwa pikipiki iligongwa mbele. Nyuma iko sawa, lakini hapa pameingia kutu, na hizi bushi zimekwisha, lazima ununue zingine. Enda na hiyo kwa fundi wako aikague, akikataa unairudisha."

Nilimlipa 14,000 bila kuvutana, jambo ambalo mama yangu angelionea haya. Niliposimama pale ndipo nilipoona kile ambacho hesabu ya fundi ilikuwa imekiacha nje. Fundi alisema ukikubali kasoro moja, mnunuzi atadhani kuna nyingine kumi. Kwangu ilikuwa kinyume. Kwa sababu jamaa huyu alinionyesha kutu ambayo ilimpunguzia bei, nilimwamini aliposema nyuma iko sawa. Ukweli unaomgharimu msemaji ndio ushahidi pekee ambao sokoni hauwezi kununuliwa kwa rangi. Sisemi kila mnunuzi ataupokea hivyo. Wengine watakupa zile 70,000 na kukucheka. Lakini soko la malimau si hali ya hewa kwamba tuvae makoti tu na kungoja lipite. Limetengenezwa na sisi, puti moja baada ya nyingine, na jamaa wa Kirinyaga Road alikuwa anang'oa yake moja.

Fundi aliukagua mkono, akaukubali, akaufunga na bushi mpya. Ule wa zamani akautupa kwenye rundo la vyuma, ambako watu wa skrapu hununua kwa kilo. Nikamwomba aukate kwanza. Hakuelewa. Nikamwambia chuma kizima kikifika kwenye rundo, mtu atakiokota, atakichomelea, atatafuta puti. Alinitazama, akawasha mashine ya kukatia, akaukata vipande viwili pale pale kwenye ufa. Ilichukua chini ya dakika moja, na hakunitoza.

Imebaki kazi moja, nayo nimeianza. Baba yangu alikuwa na daftari la mistari, la darasa la pili, alilolifunga kwa mpira chini ya kiti cha ile pikipiki ya serikali. Aliandika humo kila kitu: tarehe ya kubadilisha plagi, siku aliyoanguka Kamba ya Daraja na uma ukapinda, breki ya nyuma inashika kwa kuchelewa ikiwa na maji. Nilikuwa nikidhani anajiandikia mwenyewe. Alipohamishwa aliiacha pikipiki na daftari, kwa afisa aliyekuja baada yake, mtu ambaye hawakuwahi kukutana. Logbuku hutaja wenye mali. Haina ukurasa wa majeraha.

Nami nimenunua daftari, shilingi 30. Ukurasa wa kwanza unasema mkono wa nyuma ulipasuka, ulikuwa umezibwa puti, umebadilishwa na uliotumika, angalia kutu upande wa kulia. Kijana wangu, ambaye sasa anafika gia ya pili, ndiye anayeandika, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Juzi aliniuliza kama lazima aandike kwamba aliiangusha kwenye kisiki akapinda klachi, maana imeshanyooshwa na haionekani.

Nikamwambia aandike, na aeleze ilipinda wapi ili atakayeichukua ajue pa kuangalia.